Mgongo wa Namba Kumi

"Nenda mbele! Wewe namba kumi, huko mbele kuna simba?"

Sauti ya Nthoki ilipaa juu ya uwanja wa Kaloleni mpaka wachezaji wa upande wa pili wakageuka. Namba kumi mwenyewe hakugeuka. Mpira ulikuwa mguuni mwake, mbele hapakuwa na mtu, lango lilikuwa wazi likimwita. Alipofika mstari wa kati alisimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akazunguka, akamrudishia golikipa wake.

Mashabiki wakashika vichwa. Mechi ikaisha sare bila bao, kama ile ya wiki iliyopita, na ile ya kabla yake.

Nthoki alikuwa mjane, mshonaji wa nguo, na hakuna aliyeipenda Mafundi Stars kumshinda yeye. Kila mechi alibeba kigoda chake akaketi nyuma ya lango la wapinzani, maana alisema hakuja uwanjani kutazama watu wakizuia. Timu zikibadilishana pande, naye alikusanya leso yake akahamia upande wa pili. Bao likifungwa, alitaka limpite puani. Lakini tangu huyo Kiilu apewe jezi namba kumi, halikuwa limempita hata moja.

"Sura yake siijui," aliwaambia watu waliokusanyika nje ya ukumbi wa Kaloleni baada ya mechi. "Mimi nimejua mgongo tu!"

Watu wakacheka. Gichuru, fundi wa vyuma kule Industrial Area aliyejiona profesa wa mpira, akaingilia.

"Tusimwonee kijana. Mwoga ni kocha. Pasi pembeni, pasi nyuma, pasi pembeni. Hiyo ni timu ama ni watu wa kupanga viti kanisani?"

"Kocha mwache," Nthoki akasema. "Ubovu uko kwa kiungo. Mguu wa kushoto hana, mbio hana, moyo hana."

"Moyo anao. Kinachomwangusha ni adabu. Amelelewa na babu yake huko Kitui, na mpira hautaki adabu, mama."

"Adabu gani ya kuwanyima watu mabao?"

Kocha Wanyoike, ambaye siku za kazi alikuwa dereva wa lori, alikohoa kidogo. "Lakini mama, ile Jumamosi ulipokwenda Machakos kwa mazishi, alifunga matatu."

Nthoki alimtazama kwa huruma. Habari hizo alikuwa ameambiwa na watu wengi, akajua zilikuwa njia yao ya kumpa pole ya msiba.

"Na labda Jumamosi ijayo," Wanyoike akaendelea, macho yake yakiwa chini, "ungekaa pale kati, kwenye kivuli."

"Kivuli kimefunga bao lini? Sikia, kocha. Jezi ile niliishona kwa mkono huu. Kiilu asipofunga Jumamosi, nitaingia uwanjani niivue kwa mkono huu huu."

Hakuna aliyecheka. Walimjua.

Binti yake Koki, karani katika kiwanda cha sabuni, alikuwa amesimama kando na kigoda kwapani. Njiani ndipo alipofungua mdomo.

"Mama, wale wageni wangu wa Kitui. Wanauliza kama wanaweza kuja Jumamosi."

"Jumamosi tuna mechi na Mowlem! Tusiposhinda tunashuka daraja, nawe unaniletea habari za wageni? Waambie wangoje ligi iishe."

"Wamengoja sana, mama."

"Basi wamezoea."

Jumamosi ikafika. Nthoki akaweka kigoda nyuma ya lango la Mowlem, na Mafundi Stars wakacheza mpira wao ule ule: pembeni, nyuma, pembeni. Kipindi cha pili Nthoki akahama. Mpira ukabaki ule ule. Dakika za mwisho mambo yakiwa bado sufuri kwa sufuri, mshambuliaji Mativo akaangushwa ndani ya boksi. Penalti! Ila mpigaji wa penalti wa siku zote ndiye huyo huyo Mativo, na sasa alikuwa akitolewa nje amebebwa mabegani, akilia. Wenzake wakamsukuma Kiilu.

Kiilu alivuka mstari wa kati kinyumenyume.

Alikwenda hivyo hivyo, mgongo mbele, akipapasa kwa miguu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akafika, akauweka mpira kwa kuupitisha katikati ya magoti, akasimama akitazama lango la timu yake. Mlinda lango wa Mowlem akamwuliza refa, "Huyu anapiga wapi?" Refa alifikiri, akakosa sheria ya kumkataza, akapuliza filimbi.

Kiilu akapiga kwa kisigino. Mlinda lango alikuwa bado anangoja jibu.

Bao!

Kofia zilirushwa, Gichuru akambusu mtu asiyemjua. Nthoki hakuona hayo. Machozi yalimjaa kwa aibu ya matusi yake yote. Akakimbilia uwanjani amkumbatie kijana wa watu.

"Kiilu! Mwanangu, ngoja!"

Kiilu alisikia ile sauti, akatimua mbio. Aliwapita wenzake waliotaka kumbeba, akaruka ua, akashika njia ya reli kama mwizi. Nthoki akavua viatu akamfuata. Mbio alizosema Kiilu hana, alikuwa nazo zote.

Koki ndiye aliyemfikia mama yake kwenye ua, akamshika leso, akihema.

"Mwache, mama."

"Nimwache vipi? Nataka kumwomba radhi!"

"Mwache avae suruali ndefu kwanza. Mama mkwe hasalimiwi na mtu wa kaptura."