Amina Kabla ya Wakati

Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, meneja wa kiwanda cha sweta pale mtaa wa Pioneer aliwaombea wafanyakazi wake. Asubuhi hiyo Nanzala alisimama, akafumba macho kama wenzake.

"Baba, mkumbuke dada yetu Nanzala, aliyepoteza mimba juzi. Mwondolee huzuni, mikono yake iwe myepesi, maana kazi yake imelala."

Damu ikampanda kichwani. Jambo hilo alikuwa amemwambia meneja peke yake, ofisini, mlango umefungwa, akiomba ruhusa ya kupumzika. Ruhusa akamnyima, na sasa siri yake ilijulikana na kila mtu, hata wale wanaume wa kupiga pasi.

Akafumbua macho. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Meneja mwenyewe alikuwa amekodoa macho, anatazama saa ya ukutani huku mdomo ukiendelea kumwita Baba.

"Amina!" Nanzala akafoka.

"Amina," wenzake wakaitikia kwa mazoea, wakaanza kuketi.

"Wewe Nanzala! Sijamaliza kuomba!"

"Mimi nimemaliza, bosi. Aliyeninyima ruhusa si Mungu, ni wewe. Sasa hayo maneno niambie mimi mwenyewe, macho wazi, na watu wasikie."