Upepo wa Nje ya Rasi

Othmar alikumbatia mlingoti na kufumba macho, ingawa maji yalikuwa yametulia kama uji uliopoa bakulini.

"Mzee, bado tumo ghubani," alisema Raimundi, mwenye mashua. "Humu upepo haufiki, milima inatukinga."

Othmar alikuwa mkulima wa Mkumbi, na maji mengi aliyoyazoea ni yale ya kuoshea kahawa. Alitaka waende kwa gari kumwona mjukuu wao ng'ambo ya ghuba. Mkewe, Walburga, ndiye aliyeng'ang'ania mashua. Ufukweni aliwapita wenye mashua wanne, akasimama kwa Raimundi.

Othmar alifumbua jicho moja. "Mbona tunaelekea nje? Kijiji si kile pale?"

"Tunazunguka kidogo, mzee."

Walipoipita rasi tu, mwera ukawapokea. Upepo huo wa kusini ulilijaza tanga kwa kishindo, mashua ikalala ubavu, na wimbi likamwogesha Othmar toka kofia hadi viatu. La pili likamnywesha.

"Mama Oliva, tunakufa!" alilia. "Nisamehe! Yule nguruwe wa mama yako hakuliwa na chui!"

"Aliliwa na nani?" aliuliza Walburga, ameketi wima kama yuko kanisani.

"Na mimi! Mimi na madereva wa makaa ya mawe, kule Ngaka. Tulimchoma!"

"Na zile nyayo bandani?"

"Nilizigonga kwa kiazi! Nilikichonga mwenyewe!"

"Baba Oliva, kijiji kizima kilimsaka huyo chui wiki mbili. Padri akatusomea misa."

"Najua! Si mimi niliyetangulia na mkuki?"

Wimbi la tatu likaja. Othmar akaapa kwa Bikira Maria kwamba akifika salama atapiga magoti kwa mama mkwe, na nguruwe atalipa wawili, wote majike.

Raimundi akasukuma usukani. Mashua ikageuka, ikaipita rasi, na mara maji yakalala tena. Othmar alipiga ishara ya msalaba, akambusu mkewe kwenye paji la uso, kisha akamshika Raimundi mkono na kumshukuru kwa machozi kwa kuwaokoa.

Raimundi alikamua shati lake, akamchungulia Walburga juu ya bega la Othmar.

"Mama, huyu amemaliza yote, au tutoke tena? Wengi huwa wanahitaji mizunguko miwili."