Jina Chini ya Rangi

Mnunuzi alitaka kujua ile mashine adimu ya kukereza vyuma ilitengenezwa wapi, ndipo Zamda akaanza kukwangua rangi kutafuta chapa ya kiwanda. Likajitokeza jina la baba yake, fundi aliyeuawa karakana yake ilipoporwa, Zamda akiwa bado mchanga.

"Uliitoa wapi hii?" alimuuliza tajiri wake, Kibwana.

Kibwana alilitazama lile jina, akanyakua spana na kumpiga nayo begani. Zamda aliangukia swichi na mashine ikawaka. Kibwana alipoinua spana tena, mkono wa koti lake ulinaswa, akavutwa kifudifudi.

"Zima, binti yangu! Nakuomba!"

"Naye alikuomba hivyo?"

Kidole cha Zamda kilitulia juu ya swichi, na koti likazidi kujiviringisha.