Faili Iliyoachwa Nje

Asilimia mia! Tunu aliitazama ile rangi ya kijani kwenye skrini, roho ikakataa. Tangu lini programu ya mashine za dripu za wodi ya watoto ikafaulu hivi?

Akafungua mipangilio ya majaribio. Faili zote zilikuwa zimechaguliwa, isipokuwa ile inayopanga kasi ya dawa.

"Bosi, nani kaitoa hii?"

"Nawe Tunu! Hiyo inatuharibia alama," mkuu wake, Hemedi, alicheka. "Wanunuzi wako mlangoni."

"Kwa hiyo watoto ndio wataijaribu?"

Kicheko kikakatika. Tunu akairudisha faili, akaanzisha majaribio upya. Hemedi alinyoosha mkono kuelekea swichi ya ukutani ili aizime kompyuta, na kwenye skrini mstari mwekundu wa makosa ukaanza kurefuka.