Mlango Uliopiga Chafya

Fundi saa alilala kifudifudi nyuma ya pipa la maji, tochi mkononi, akimsubiri mama mkwe wake aje kutenda uhalifu.

Jua lilikuwa linazama. Jikoni redio ya mkewe ilikuwa inaimba, na kuku walikuwa wanarudi bandani mmoja mmoja, wakimtazama kwa jicho la pembeni. Jogoo alisimama kabisa, akamkagua kuanzia upara hadi soksi. Fundi akamwashiria aende zake.

Yote yalianza na kicheche. Kila jioni mtu alisahau kufunga banda, na kila asubuhi kuku walipungua. Mama mkwe akaja kusaidia, wiki moja tu, awe anafungua mlango alfajiri na kuufunga magharibi. Wiki ikazaa miezi. Mama mkwe akahamia kwenye kiti cha dirishani, penye mwanga mzuri, na fundi akahamishia saa zake jikoni, ambako skrubu zilikuwa zinadondokea kwenye unga.

Sasa, kuna mkwe mwenye ubavu wa kumwambia mama mkwe afunge virago? Kama yupo, ajitokeze tumwone. Fundi aliamua kukata mzizi wa fitina kwa akili. Akachukua mota ya kaseti mbovu, mashine ya saa ya ukutani na betri nne kubwa, akaunda mlango wa banda unaopanda wenyewe asubuhi na kushuka wenyewe jioni. Mama mkwe akikosa kazi, alijiambia, atakumbuka kwake.

Siku ya kwanza mlango ulipanda na kushuka bila kosa. Jioni ya pili akawaita majirani, na mlango ukashuka mbele yao taratibu, kwa adabu zote. Wakapiga makofi. Fundi kichwa kikamvimba. Mama mkwe peke yake hakushuhudia. Alisema anakwenda kuanua nguo.

Lakini siku zikapita, na kiti cha dirishani hakikuachwa.

"Mama, kule kwako hawajambo?" fundi alimwuliza kwa heshima. "Shamba halijaota magugu?"

"Limeota, baba," alijibu mama mkwe, akatazama bandani na kushusha pumzi. "Lakini nitaondokaje?"

Fundi akarudi jikoni kwenye unga wake. Redio ilikuwa inapiga kelele hadi saa zenyewe hazisikiki.

"Hii si ilikufa?" alimwuliza mkewe.

"Ilikuwa imepumzika tu," mkewe alijibu, akaongeza sauti.

Kisha mlango ukaanza vituko. Asubuhi moja ulipanda nusu, kuku wakatoka kwa kutambaa. Fundi akasema ni baridi. Jioni nyingine ulichelewa mpaka giza likaingia. Fundi akasema ni mawingu. Halafu jirani mmoja akaja mbio kumwambia kwamba mlango wake umepiga chafya.

"Gia hizo," alisema fundi. "Zinataka mafuta."

Alipokwenda na kopo la mafuta, akakuta nyuma ya banda alama za malapa. Malapa ya mama mkwe. Hapo akaelewa, au alidhani ameelewa: mama anauhujumu mlango ili aonekane bado anahitajika. Hasira zilimpanda hata akapaka mafuta mkono wake mwenyewe.

Ndiyo maana leo alikuwa amelala nyuma ya pipa.

Malapa yakasikika. Mama mkwe akapita na ndoo tupu, akatazama huku na huku, akazunguka nyuma ya banda. Fundi akamfuata kwa magoti. Goti moja likatua kwenye mavi ya kuku, akavumilia. Alipofika kwenye kona, akawasha tochi.

Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo, kamba mikononi, akiiachia kidogo kidogo. Upande wa mbele, mlango ulikuwa unashuka taratibu, kwa adabu zote.

"Nimekukamata, mama! Unaniharibia mlango wangu!"

Mama mkwe alishtuka, kamba ikamponyoka, mlango ukaanguka pu! na kumfungia jogoo nje.

"Mlango gani, baba?" alisema, machozi yakimlengalenga. "Jioni ile ulipowaita majirani, niliona haushuki. Nikaona utaaibika mbele za watu. Nikaifungua kamba kwenye mashine yako, nikaushusha mlango mwenyewe. Ningekwambiaje, fundi mzima, mkwe wangu? Tangu hapo mlango ndio mimi. Mgongo umekwisha, mafua hayanitoki, na kwangu magugu yamefika dirishani!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Muda wote huo alikuwa akimchukia mtu aliyekuwa anaota kwenda kwake, na aliyekuwa akivunjika mgongo kumsitiri yeye. Akapiga magoti pale pale kwenye mavi, akaomba radhi. Mama mkwe akamwambia basi, yameisha, ila kesho asubuhi kuku atawafungulia fundi mwenyewe.

"Lakini haiwezekani," fundi alinong'ona. "Kitu nilichotengeneza mimi hakisimami hivi hivi."

Akafungua kisanduku cha mashine, akamulika. Gia zilikuwa safi. Nyaya zilikuwa mahali pake. Nafasi nne za betri zilikuwa tupu.

"Nani?" alipaza sauti, uani kote kukasikika. "Nani amechukua betri zangu?"

Jikoni, katikati ya wimbo, redio ikanyamaza.