Mwanamke wa Koboko

Asubuhi hiyo Santina aliwaacha samaki wake wazi juani, nzi wakiwatambalia, akatoka soko la Arua bila kumuaga mtu. Kwa miaka yote aliyouza samaki wakavu hakuwahi kuondoka bila kuwafunika. Lakini siku hiyo, kama ni kuoza, waoze. Alikuwa anakwenda Koboko, mji wa mpakani, kumkomesha mwanamke.

Habari alizipata jana yake, baada ya misa. Mumewe Lodu, dereva wa lori la mahindi, alipiga magoti mbele yake na mbele ya katekista Angelo, akalia mpaka kola ya shati ikalowa.

"Iko mwanamke kule Koboko," alisema. "Mimi sikutaka, Santina. Ni shetani. Huyo mwanamke alinitia kwa majaribu."

Katekista akamshika Lodu bega. "Tamaa si ya mutu," alisema kwa upole. "Mungu aliumba sisi safi. Tamaa inatoka inje, kama malaria. Mgonjwa hapana pigwa. Mgonjwa anaombewa."

"Malaria inaletwa na mbu," Santina akajibu. "Basi mimi nitaua hiyo mbu."

Njia nzima hasira ilimpanda na kushuka kama uji unaotaka kumwagika. Miaka minane! Miaka minane amempikia, amemfulia, amemzalia watoto wawili. Miaka minane ameishi na mume wa siku tatu kwa juma, maana siku nne zilizobaki lori lilikuwa njiani kuelekea mpakani. Hata pete hakuidai kwa nguvu. Kila padri alipotaja ndoa, Lodu alisema cheti chake cha ubatizo kilibaki kwao Yei, ng'ambo ya mpaka, vita vikitulia atakifuata. Naye akavumilia. Kumbe alikuwa akivumilia ili mwingine ale.

Alijua mwanamke huyo atakuwa wa namna gani. Kijana, midomo myekundu, kiuno kisichotulia. Wanawake wa aina hiyo hawatongozwi, wanatega. Si kama yeye. Yeye na Lodu walikutana kwa heshima zote. Lodu alikuja kununua samaki siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaja bila haja yoyote ya samaki. Siku hiyo Santina alikuwa amevaa gauni la Pasaka kuuzia samaki, akamwongezea wawili wa bure. Hayo yalikuwa mapenzi. Mungu mwenyewe aliyaweka ndani ya watu. Haya ya Koboko yalikuwa majaribu.

Aliposhuka Koboko alimwendea fundi cherehani mmoja mzee aliyekuwa akishona barazani.

"Mzee, natafuta ile mwanamke ya Lodu, dereva."

"Mke ya Lodu?" Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. "Agnes Keji. Pita msikiti, nyumba ya pili, ile iko na mabati ya bluu."

"Si mke!" Santina akafoka. "Mke ni mimi!"

Mzee alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenye homa, kisha akarudi kushona.

Mke! Kumbe hata jina ameshajivika, mchana kweupe, na mji mzima unamwitikia! Santina aliupita msikiti karibu anakimbia, kitenge kikimlegea kiunoni.

Hakukuta midomo myekundu. Mwanamke aliyekuwa ameketi uani akimenya karanga alikuwa mwembamba, wa miaka hamsini hivi, mvi zimemjaa kichwani na rozari iko shingoni. Santina akadhani amekosea nyumba. Kisha akaliona koti la Lodu, lile la kahawia lililochanika mfuko, limeanikwa kwenye kamba. Hasira ikamrudia maradufu. Hata shetani huvaa rozari.

"Wewe ndiyo Agnes Keji?"

"Ndiyo mimi. Karibu."

"Hapana niambie karibu! Mutu mzima, mvi kichwani, huna haya? Lodu ameungama yote! Ulimpa nini? Dawa? Wanaume yote iko hapa Koboko, wewe ukaona ile tu iko na mke na watoto?"

Akalipiga teke sinia, karanga zikatapakaa ua mzima. Majirani wakachungulia. Mmoja akamwita Agnes Keji, akimuuliza kama aje. Agnes Keji akampungia mkono abaki huko huko. Hakuinuka. Alimtazama Santina kuanzia miguuni, polepole, mpaka usoni, kama mtu anayelinganisha kitu na maelezo aliyopewa.

"Wewe iko Santina," akasema. "Ile ya samaki."

Santina akashtuka. "Alikutajia jina langu?"

"Miaka nane sasa. Alipiga magoti hapa hapa, mbele ya padri ile alitufungisha ndoa kule Yei. Akalia sana. Akasema iko mwanamke kule Arua, shetani ametuma yeye kumtia kwa majaribu." Agnes Keji akaokota karanga moja mchangani, akaipasua kwa kidole gumba. "Mimi nilifunga siku arobaini, Santina, nikiomba Mungu akuue."