Kitanzi Kitoke Kabla ya Ketut

Luh Rinten aliushika mlango kwa mikono miwili, mkunga asipate pa kutokea.

"Kitoe leo," alisema.

Dayu, mkunga pekee wa zahanati ile ya vilima vya Kintamani, akamwambia kwa mara ya tatu kwamba yeye ni mtu wa sindano za uzazi wa mpango. Kitanzi cha kuzuia mimba alikishika mara ya mwisho chuoni, tena cha mfano. Siku hizi kijiji kizima kinachomwa sindano kila miezi mitatu, na mama aliyekuwa akiweka vitanzi alishastaafu, akahamia Denpasar.

Luh alishakwenda hadi hospitali ya mjini. Huko wakampa tarehe: miezi mitatu mbele.

"Mitatu sina. Daktari kanipa mmoja, ukizidi sana."

Wanawake waliokaa kwenye benchi wakisubiri sindano walianza kukonyezana. Mmoja akataka kujua haraka hiyo ya nini. Luh akawaambia kwao kuna Wayan, kuna Made, kuna Nyoman, majina ya desturi ya mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa nne, Ketut, ndiye hajaja, na kitanzi kikibaki tumboni, Ketut ataharibikiwa.

"Leo ndiyo umemkumbuka Ketut?" yule mwanamke akasema, na benchi zima likaangua kicheko.

Luh akazidi kuushika mlango. 

Dayu akamvuta ndani, akafunga pazia, akauliza mume anasemaje.

"Ananisubiri. Kila usiku ananiita."

 Dayu akanawa mikono, akamlaza kitandani. Uzi wa kukivutia haukuonekana. Akajaribu kwa koleo, akakosa, akataka kuacha. Luh akamkamata mkono, akamsihi avute tu, hata kwa damu, mradi yeye asirudi nacho nyumbani. Kisha akauma pindo la sarongi yake, machozi yakimtiririkia masikioni.

Kitanzi kikatoka, shaba yake imeota ukijani.

Dayu alikiweka kwenye sahani, akamfunika Luh shuka. 

"Sasa huyo Ketut atazaliwa na nani, bibi?" aliuliza polepole.

"Mke wa mjukuu wangu ana mimba ya mtoto wa nne, miezi minne sasa," Luh akasema. "Nikifa, wakishanichoma moto, roho yangu inarudi kwa kizazi chetu: Ketut wao ndiye mimi. Sasa ningerudije duniani na shaba tumboni?"